Kikao Alichokiongoza Zenaida

Siku chuo kikuu kilipotuletea Leocadia Griego, Mwalimu Tafoya wa kemia alimtazama juu hadi chini, kisha akaniuliza mimi kana kwamba mwenyewe hayupo, "Huyu ni wako au wangu?"

"Wetu sote," nikamjibu. "Asubuhi wako, mchana wangu."

Leocadia alikuwa anasomea shahada ya uzamili ya ualimu, ile ambayo mtu huhitimu na leseni mbili kwa mpigo: moja ya somo la sekondari, kwake kemia, na nyingine ya elimu maalumu. Kabla ya hapo alifanya kazi katika maabara ya hospitali huko Santa Fe, akipima damu za watu asiowaona sura. Alichoka na watu wasio na sura, akarudi kwenye bonde letu. Mama yake nilisoma naye.

Tafoya si mtu mbaya, ila ulimi wake haukai kitako. Siku ile ile ya kwanza, tukila chakula cha mchana, akamwambia, "Mwenye leseni mbili ni kama mbwa wa mabwana wawili. Kila bwana anadhani mwenzake ameshamlisha."

Leocadia alikuwa anachovya kipande cha chapati kwenye mchuzi wa pilipili mbichi. Hakuinua hata kichwa. "Inategemea mbwa, mwalimu. Mwingine anakula mara mbili."

Tafoya alicheka mpaka akapaliwa. Tangu hapo alimfundisha kazi kwelikweli, bila kumhurumia.

Chumba changu kiko mwisho wa ukumbi, karibu na bohari ya viti. Wanakuja watoto ambao kusoma, kuhesabu au kutulia kunawapa taabu. Mwaka ule alikuwemo Zenaida Archuleta, wa miaka kumi na sita. Herufi zilimchezea tangu utoto. Ukurasa ambao wenzake waliumaliza wakitafuna ubani, yeye ulimtoa jasho. Lakini masikio yake, Mungu ampe nini tena. Umsimulie jambo Jumatatu, Ijumaa anakurudishia pamoja na pale ulipokohoa. Alitaka kuwa msaidizi wa daktari wa mifugo, kwa sababu ya kondoo wa babu yake, na chuo cha kazi hiyo hakimpokei mtu asiye na kemia.

Kemia mimi siwezi kuitoa. Leseni yangu ni ya elimu maalumu peke yake. Nilikuwa nawafundisha sayansi ya nyumbani, jinsi ya kupima dawa na kutochanganya sabuni za chooni, nayo haihesabiwi kwenye cheti cha kuhitimu. Kwa njia hiyo Zenaida angeondoka shuleni na karatasi ya kusema alihudhuria.

Leocadia akaanza kuleta mchana yale aliyoyafundisha asubuhi kwa Tafoya. Badala ya vitu vya hatari alileta siki, magadi na maji ya kabichi nyekundu. Zenaida aliyaona yale maji yakigeuka kutoka zambarau kuwa waridi, akayageuza tena kijani, kisha akaeleza mwenyewe kwa nini, hatua kwa hatua, kama mtu anayeeleza njia ya kwao.

"Hii ndiyo kemia?" akauliza.

"Ndiyo hii," Leocadia akamwambia.

"Basi mbona siisomi?"

"Nani alikwambia huiwezi?"

Zenaida akafikiri. "Hakuna aliyeniambia. Hakuna aliyeniuliza."

Kila majira ya kuchipua sheria inatutaka tukae, wazazi, walimu na naibu mkuu wa shule, tupange masomo ya kila mwanafunzi wa chumba changu. Mwanafunzi mwenyewe kwa kawaida hukaa pembeni akitazama kucha zake. Kikao cha Zenaida ndicho Leocadia alichopangiwa kukiongoza mbele ya msimamizi wake kutoka chuo kikuu. Akifanya vizuri, anapata leseni ya pili. Akiharibu, anarudia muhula mzima.

Akanijia akiwa ameshika mlango. "Bi Serna, nataka Zenaida aongoze yeye."

"Na mtihani wako je?"

"Nitakuwepo."

"Kuwepo siko kuongoza, mwanangu. Watakuandikia sifuri."

"Wataandika watakachokiona," akasema, akaingia na kufunga mlango.

Wiki tatu walifanya mazoezi chumbani mwangu. Leocadia aliwaigiza watu wote. Akimwigiza Tafoya, alishusha miwani hadi ncha ya pua, akajikuna kidevu, akasema kwa sauti ya kukwaruza, "Sisemi huna akili." Zenaida alicheka hadi akashika tumbo, kisha akamjibu. Akikosea, wanaanza upya. Maneno marefu Leocadia alimfundisha kuyafunika kwa kidole gumba na kuyafunua kipande kwa kipande, asione aibu kuchelewa.

Siku ikafika. Tuliizunguka meza: Bw. Pruitt, naibu mkuu wa shule, Tafoya, mama yake Zenaida aitwaye Perla, aliyekuja na sare ya dukani, babu yake mzee Eliseo, kofia yake juu ya goti, mimi na Leocadia. Daktari Halvorsen, msimamizi kutoka chuo kikuu, alikaa nyuma kidogo na kalamu mkononi.

Zenaida akasimama. "Karibuni. Mimi naitwa Zenaida, na kikao hiki ni changu."

Bw. Pruitt akamgeukia Leocadia. "Bi Griego, utuanzishie?"

"Ameshaanza," Leocadia akasema.

Nilimwona Daktari Halvorsen akiandika kitu.

Zenaida akaeleza anachokiweza na kisichomwendea. Akasema mitihani akisomewa kwa sauti anajibu, akisoma peke yake muda unamwishia. Akasema vitabu anaweza kuvisikiliza kwa simu. Halafu akaweka mikono miwili juu ya meza. "Mwaka ujao nataka kemia. Ile yenyewe, ya Mwalimu Tafoya. Na nataka cheti cha kuhitimu kama cha wenzangu."

Tafoya akashusha miwani. Akajikuna kidevu. "Zenaida, nitakuwa mkweli kwako. Chumbani mwangu kuna chupa zinazoweza kumtoa mtu jicho. Sisemi huna akili."

Zenaida akauma mdomo, akatazama dari. Leocadia naye akatazama dari.

"Nasema chupa haikusomei kwa sauti," Tafoya akaendelea. "Ukikosea neno moja, umeumia, au umemwumiza jirani."

"Ni kweli," Zenaida akasema. "Nipe nisome."

"Nikupe nini?"

"Chupa."

Tafoya akainuka, akatoka. Akarudi na chupa mbili ndogo zilizofungwa kwa utepe, ndani yake unga mweupe usiotofautika kwa macho. Akaziweka mbele yake. "Niambie ni nini hizi."

Leocadia aliushika mkono wangu chini ya meza, akaubana. Zenaida akaichukua ya kwanza, akaweka gumba juu ya karatasi ya jina iliyobandikwa, akaanza kulivuta polepole. Midomo yake ilikuwa inasogea. Mzee Eliseo akafungua kinywa ili amsaidie, maana toka pale alipokaa aliweza kuisoma. Perla akamwekea mkono begani. "Baba, mwache."

"Nitrati ya sodiamu," Zenaida akasema.

Akachukua ya pili. Hapa alilivuta gumba kwa muda mrefu zaidi. Alirudi mwanzo, akaanza tena. Bw. Pruitt akatazama saa ya ukutani, akasema kwa upole, "Nadhani sote tumeona, ni ile ile, kwa hiyo..."

"Si ile ile," Zenaida akasema bila kuinua kichwa. "Ile ni nitrati. Hii ni nitriti. Ni herufi moja tu. Mtu wa kusoma haraka anaipita."



"Na tofauti yake ni ipi?" Tafoya akauliza.

"Sijui bado, mwalimu. Ndiyo maana naomba darasa lako."

Tafoya akavua miwani kabisa, akaifuta kwa shati. "Mtego huu nawategea wanafunzi wangu kila mwaka," akasema, akimwambia Pruitt lakini macho yake yakiwa kwa Zenaida. "Karibu nusu yao wananasa. Wale wale wanaosoma kama redio."

Pruitt hakuwa na ubaya, alikuwa na ratiba. "Sawa. Lakini ndani ya darasa atakuwa na nani? Wewe una wanafunzi thelathini. Bi Serna hana leseni ya kemia."

Hapo ndipo Leocadia alipofungua kinywa tena. "Mimi. Mwezi wa tano nitakuwa na leseni zote mbili. Mkiniajiri."

"Mwajirini," Tafoya akasema, "kabla watu wa Santa Fe hawajarudi kumchukua. Nimemfundisha mimi, sitaki jasho langu liende kwa wengine."

Mzee Eliseo akainama mbele, akamwelekea Tafoya. "Kijana, baba yako alikuwa mkaidi hivi hivi. Ila akishindwa, alikuwa anatoa mkono."

Tafoya akainuka, akazunguka meza, akampa Zenaida mkono. Zenaida aliupokea kwa mikono miwili. Perla alikuwa ameshaanza kulia, kimya kimya, akijifuta kwa mkono wa sare yake.

"Kabla hatujatoka," akasema Daktari Halvorsen, na wote tukageuka, maana tulikuwa tumemsahau. "Zenaida, nani alikufundisha kuendesha kikao?"

"Bi Griego. Tumefanya mazoezi. Yeye alikuwa Mwalimu Tafoya."

"Alikuwa mimi?" Tafoya akauliza.

"Ndiyo, mwalimu. Ulikuwa mkali zaidi ya hivi."

Hata Pruitt alicheka. Daktari Halvorsen akasubiri kicheko kiishe, akamwambia Leocadia, "Nimekaa hapa nikingoja uongoze. Nilitaka kukuandikia umeshindwa, hapo mwanzo mwanzo. Nimefuta." Akamwonyesha karatasi, na kweli pale palikuwa pamefutwa kwa mistari miwili.

Leocadia alivumilia mpaka uwanja wa magari. Hapo akaegemea gari lake, akacheka na kulia pamoja, mimi nikimshikia mkoba, watoto wa mabasi wakitutolea macho.

Walimwajiri. Majira ya majani kupukutika, wakati bonde lote linanuka pilipili za kuchomwa, Zenaida aliingia kemia kwa mlango wa mbele pamoja na wengine, na wenzake wawili kutoka chumba changu. Tafoya alisimama upande huu wa ubao, Leocadia upande ule, wakibishana mbele ya watoto kama mtu na dada yake. Muhula wa kwanza Zenaida alipata alama ya kati, akakasirika siku mbili. Wa pili alipata ya juu kuliko mpwa wa Pruitt. Mwaka uliofuata viti sita vya chumba changu vilibaki vitupu saa za kemia, nikavirudisha bohari.

Mahafali yalifanyika kwenye uwanja wa mpira, upepo ukipeperusha kofia za watu. Walipoanza na majina ya herufi A, Leocadia alikuwa kwenye mstari wa walimu, joho la uzamili begani, amesimama kwa ncha za vidole. Jina lilipotajwa, Tafoya alipiga mluzi kwa vidole viwili mpaka wazazi wa mbele wakaziba masikio. Mzee Eliseo alisimama kabla halijaisha kutamkwa. Zenaida akapokea cheti chake, akakifungua pale pale jukwaani, wenzake wakimngoja nyuma, akaweka gumba, akalisoma jina lake lote taratibu hadi mwisho, ndipo akashuka.