Damu ya Eulalie

Maman Georgette alikuwa akikoroga nyanya ya kopo ndani ya maziwa, kinywaji alichompa mkwewe kila siku kumwongeza damu, mwanawe Floribert alipoingia na karatasi ya vipimo vya laboratwari. Eulalie, mke wa Floribert, mwenye mimba ya miezi saba, alimfuata akijishikiza ukutani. Mlima wa mtaa wao wa Kadutu ulikuwa umemmaliza pumzi.

Floribert hakuketi. Alieleza kwamba hemoglobini, ile inayobeba hewa ndani ya damu, mwezi uliopita ilikuwa tisa. Leo ni saba na nusu, na mwenye mimba anapaswa kufika kumi na moja. Muuguzi Déborah wa kliniki alisema isipopanda, damu kidogo tu ikimtoka siku ya kuzaa inaweza kumuua. Kisha Floribert akamuuliza mkewe kama anameza vidonge vya chuma alivyopewa kliniki. Eulalie alitazama chini, na Floribert akamgeukia mama yake.

"Maman, vidonge viko wapi?"

"Nilivitupa mu choo." Mama hakuacha kukoroga. "Vilikuwa vinamuchoma damu. Mavi yake ilikuwa nyeusi kama makala ya jikoni. Damu yenye kuoza, wewe ungeiacha?"

Floribert alisema weusi ule ni chuma ambacho tumbo halikukichukua. Déborah alikwisha kueleza. Akasema kama wekundu ndio damu, shati lake pia ni jekundu, basi wamchemshie Eulalie shati. Mama akamjibu kwamba amezaa wanane bila karatasi, na kwamba mtoto aliyemfuta kamasi hawezi kumfundisha mambo ya damu. Sauti zilipanda mpaka jirani akazima redio yake ili asikie vizuri.

Eulalie akachukua kikombe mkononi mwa mama mkwe. Tangu aolewe hakuwahi kukataa kitu cha mkono huo. Ndivyo alivyolelewa kijijini kwao Mudaka, na ndiyo maana alinyamaza vidonge vilipotupwa. Akakiweka chini.

"Hii sitakunywa tena, maman. Munagombania damu yangu kama kiwanja. Nikikufa, nani kati yenu atakuwa ameshinda?"

Alivuta pumzi, akamaliza: asubuhi atarudi kliniki kuomba vidonge vingine, na Maman Georgette ataenda naye, amuulize Déborah mwenyewe kuhusu ule weusi.

"Nitaenda," mama alisema, uso umekunjamana. "Lakini akinijibu ovyo, vidonge havitaingia mu hii nyumba."

"Vitaingia," Eulalie alisema, akajilaza na viatu miguuni, kwa kuwa kuinama kulimletea kizunguzungu.