Nyuzi Tisa Nukta Nne

Siku ya kumi na tisa tangu mayai yaanze kuatamiwa, umeme ulikatika Masukulu, ukarudi kwa kishindo, na kioo cha mashine ya kutotolea vifaranga kikazima moja kwa moja. Taa za ndani, zilizoyapasha mayai joto, ziliendelea kuwaka na kuzima kama kawaida, ila Mwalimu Obed hakuweza tena kusoma joto. Kipimajoto cha akiba kilikuwa kimevunjika tangu wiki ya kwanza.

Mashine aliitengeneza mwenyewe, mwalimu wa fizikia aliyepangiwa huku kutoka Tabora, na programu yake akaiandika mwenyewe. Ndani yalikuwemo mayai sitini na mawili. Ugonjwa wa kideri ulikuwa umefagia kuku wa kijiji kizima, wakabaki matetea saba, na kina mama wakakubaliana kumpa mwalimu kila yai lililotagwa. Baadaye hao saba nao wakafa. Kwa hiyo mbegu yote ya kuku wa kijiji ilikuwa ndani ya boksi lile, sebuleni kwa Mama Tulia, mwenye nyumba wake.

Obed aliazima kompyuta ya shule, akaiwekea programu mpya ya kuchungulia namba zilizomo ndani ya chipu iliyoiongoza mashine wakati mashine inafanya kazi, akachomeka waya. Joto lilitakiwa liwe thelathini na saba na ushee. Kompyuta ikamwonyesha tisa nukta nne.

Nje ukungu ulikuwa umeshuka hadi migombani na baridi ya Juni ilikuwa inauma, kwa hiyo tisa aliiamini papo hapo. Mama Tulia akatoa yai moja, akaligusisha kwenye kope la jicho, akasema lina joto lake. Obed akamweleza kwa upole kwamba uso ukiwa na baridi kila kitu huonekana cha moto. Wasomi bwana. Mbele yake amesimama mama aliyefuga kuku miaka arobaini, yeye anakodolea macho namba.

Akabadilisha programu, akaziamuru taa zisizime kabisa mpaka yeye mwenyewe aone thelathini na saba kwenye kompyuta. Tisa ikawa kumi. Baada ya saa mbili ikawa kumi na moja na nusu. Mama Tulia alisema boksi linanuka, akasema tena, na Obed akamwomba avumilie kidogo maana joto lilikuwa linapanda.

Ndipo akajiuliza, taa nne ziwake saa mbili, joto lipande nyuzi mbili tu? Akaandika ndani ya programu namba moja kamili, aone itasomwaje. Ikasomwa robo. Akaandika nne, ikasomwa moja.

Programu nyingine ya zamani, ile iliyotafsiri maandishi yake kwenda kwenye chipu, ilikuwa na namna yake ya kuhifadhi namba zenye nukta, na hii mpya ya kuchungulia ilizisoma kwa namna nyingine. Ni kama mtu aandike saa kwa Kiswahili na mwenzake aisome kwa Kizungu. Kila namba ilionekana robo yake. Tisa nukta nne ilikuwa thelathini na saba na ushee, sawasawa kabisa. Kumi na moja na nusu ilikuwa arobaini na sita.

Aling'oa waya ukutani, akafunua boksi, joto likampiga usoni.

"Mama, nimeyapika," alisema. "Yalikuwa mazima. Nimeyapika mimi."

Mama Tulia alileta beseni la maji ya uvuguvugu, akaanza kuyatia mayai kumi kumi, kwa sababu kifaranga aliye hai siku hizo za mwisho kabla ya kuanguliwa hulitikisa yai majini. Walipiga magoti wakitazama. Kumi ya kwanza yakaelea kimya. Kumi ya pili vilevile. Obed alikuwa ameng'ang'ania ukingo wa beseni kwa mikono miwili, anamwomba Mungu ampe jogoo mmoja na tetea mmoja, basi, hataomba kingine.

Katika fungu la mwisho yai moja likatikisika. Na la pembeni yake pia.

"Wako hai," Obed alisema, machozi yanamtoka. "Mama, tazama, wako hai."

Mama Tulia aliyatazama maji, kisha akavitazama vidole vya Obed.

"Mwalimu," alisema taratibu, "toa mikono kwenye beseni."

Akaitoa. Maji yakatulia, na mayai yakatulia.