Asilimia Sita, Kisaka

Umeme ulikatika Nyamwaga usiku kucha, kwa hiyo asubuhi gari la umeme la Tabitha lilikuwa na chaji asilimia thelathini na nne tu. Alipiga hesabu ya kilomita mpaka Morotonga kwa shangazi yake, akaona chaji itatosha kwa shida. Kungoja hakukuwezekana. Kesho yake shangazi Ester alikuwa anapelekwa Mwanza kupasuliwa macho, na alikuwa ametuma ujumbe mmoja: anataka kumwona kaka yake kabla.

Kaka mwenyewe ni Mzee Kisyeri, baba yake Tabitha. Alikaa kiti cha mbele na koti lake la kanisani, mikono magotini. Miaka tisa nyuma yeye na Ester waligombania shamba la urithi, na mume wa Ester alipofariki, mzee hakwenda kuzika. Tangu hapo hawakuonana.

Vilima vilikula chaji. Tabitha akazima kiyoyozi, akafungua vioo, vumbi likaingia.

"Hili linaweza kuzimika njiani?" mzee aliuliza mara ya tatu.

"Linaweza, baba."

Walifika Kisaka na asilimia sita. Tabitha akaegesha kwenye mashine ya kusaga ya bwana mmoja aitwaye Vedasto, akaomba umeme.

"Mashine na gari pamoja, swichi itaruka," Vedasto alisema. "Ngoja akina mama hawa wamalize."

Akina mama walikuwa saba, kila mmoja na debe lake la mahindi. Tabitha akakaa, akainuka, akalizunguka gari, akakaa tena. Saa nane mashine ikanyamaza, akachomeka waya. Nusu saa ikaongeza asilimia mbili.

"Baba, nikuitie bodaboda utangulie?"

"Hapana." Mzee alikuwa anaangalia barabara waliyotoka. "Labda turudi tu. Mungu hataki."

"Si Mungu aliyekata umeme."

Mzee akasema taratibu, "Nikifika nitamwambia nini?"

Tabitha akasogea pembeni, akampigia shangazi simu na kumweleza ukweli wote kuhusu gari.

"Mko kwa Vedasto?" Ester aliuliza. "Msiondoke."

Haikupita saa nzima, bodaboda ikaingia. Nyuma alikaa Ester, ameshika koti la dereva kwa mikono miwili. Alishuka akipapasa ardhi kwa mguu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Kisyeri yuko wapi?"

"Niko hapa," mzee alisema, akasimama.

Ester akamsogelea mpaka nyuso zao zikakaribia kugusana, akamtazama kwa muda mrefu.

"Umezeeka."

"Sikuja kumzika mume wako," mzee alisema. "Nilikosea, dada."

"Najua hukuja. Niliangalia njia mpaka jioni." Ester akalitafuta benchi, akakaa. "Nikirudi kutoka Mwanza tutakwenda wote kaburini. Leo sina nguvu ya hayo. Kaa hapa."

Mzee akakaa. Wakaongea Kikurya, kwa sauti ya chini, habari za ng'ombe na za watoto waliooa.

Saa kumi na moja Tabitha akachomoa waya kwenye asilimia kumi na nane. Ester alikaa mbele, mzee nyuma, akiuliza kila baada ya kilima kama watafika. Walifika Morotonga na asilimia tatu. Gari lilikuwa halijatulia vizuri wakati mzee alipofungua mlango wake, akazunguka haraka kwenda kumshika dada yake mkono.