Mama Kasugua Mlango

Edith aliingia uani kwao Milanzi mbio mbio, simu bado iko sikioni, akamkuta mama yake kainama ubavuni mwa gari lake la abiria, Noah, stili waya mkononi, povu limejaa mlango mzima.

"Mama! Unafanya nini?"

"Nasafisha, mwanangu. Si ulisema mgeni wa bima anatoka Mbeya? Aje akute gari lina matope kama limetoka kulima?" Mama Stefania akajifuta jasho na kiwiko. "Halafu hapa palikuwa na uchafu wa kijani, uligoma huo! Nikauwekea na majivu. Hebu ona."

Edith akaona. Mlango unang'aa kama sufuria ya harusi. Bonde la ile ajali lipo palepale, limebonyea vilevile, ila ile rangi ya kijani hamna. Hata chembe.

Akatamani kupiga kelele mpaka zisikike Laela. Lakini unampigiaje kelele mama ambaye kaamka na baridi yote ile, kasugua mpaka vidole vimekuwa vyeupe, kisa tu mgeni asikute uchafu kwake? Akameza. Hasira ikashuka kama mfupa.

Maana ule haukuwa uchafu, ilikuwa rangi ya pikapu ya Sadoki.

Sadoki ndiye anayemnunulia tajiri wake mahindi hapo mtaani. Siku ile Edith kasimama kando ya barabara anashusha abiria wa kutoka Matai, jamaa akachomoka ghalani na pikapu, macho yako kwenye simu, akaja kumvaa ubavuni, puu! Mlango wa kusukuma ukagoma kufunguka tangu hapo. Sasa Noah isiyofunguka mlango, abiria apandie wapi, dirishani? Gari limelala, abiria wake wa Matai wamezoea magari ya wengine, na Edith hana kazi nyingine.

Na picha alitaka kupiga, jamani! Alishatoa simu. Sadoki akamshika mkono, sauti ya upole kama anasoma somo la kwanza kanisani. "Dada'angu Edith, picha za nini? Trafiki wa nini? Sisi majirani. Kosa langu, nitakutengenezea." Na watu waliojaa pale wakadakia, yaishe, yaishe. Edith akarudisha simu mfukoni. Kuanzia kesho yake, anapiga, haipokelewi. Akaenda polisi, wale wa yaishe hakuna aliyekubali kuwa shahidi, akaenda kwenye bima ya ile pikapu, maana ya kwake ni bima ndogo, yeye mwenyewe haimlipi. Sadoki alipoulizwa akajibu kwamba hilo gari hajaligusa, bonde lake la zamani. Pikapu ni ya tajiri, na tajiri alishamwambia akigonga tena arudishe funguo.

Hajaligusa! Edith alikuwa akilikumbuka hilo neno hata uji haupiti.

Mtu wa bima akafika, kijana mmoja mtaratibu anaitwa Lugano. Nyuma yake pikapu ya kijani ikaegesha getini, Sadoki akashuka kavaa shati la Jumapili. Bampa lake jipya linameta. Wakasalimiana na Lugano kwa Kinyakyusa, wakacheka kama ndugu.

"Shikamoo, mama," Sadoki akasema.

"Marahaba, baba. Karibu sana."

Lugano akaizunguka Noah, akapapasa bonde, akainama, akachungulia. Akatikisa kichwa. "Dada, mimi hapa naona bonde tu. Bonde halina jina la mtu."

"Si nilikwambia?" Sadoki akacheka. "Dada huyu anatafuta wa kumnyooshea bodi."

"Wewe Sadoki! Wewe!" Edith akamsogelea. "Hivi Jumapili ukikaa kwenye benchi la kanisani unamwomba nani?"

"Edith," mama akaita kutoka mlango wa nyumba. "Wageni hawagombezwi uani. Chakula tayari."

Chakula! Ugali wa ulezi unafuka moshi, samaki migebuka wa mchuzi, na Sadoki kapewa kiti kizuri. Edith akabaki kasimama ukutani, mikono kaifunga kifuani isije ikafanya kitu.

"Aisee mama, nyie Wafipa mnajua kukaribisha," Sadoki akasema, anafinyanga tonge.

Lugano akauliza kwa adabu, "Mama, gari mmeliosha lini?"

"Leo asubuhi, baba. Nisamehe, uchafu mwingine nimeutoa kwa shida. Ule wa kijani, yaani..."

"Labda majani ya mti hayo, mama," Sadoki akadakia haraka, akicheka peke yake.

Mama Stefania akageuza shingo taratibu. Kupitia mlangoni akaiona pikapu ya kijani pale getini. Akaitazama. Akatazama vidole vyake. Akamtazama binti yake pale ukutani, macho mekundu.

Akainuka, akaichukua sahani ya Sadoki. Tonge bado liko mkononi mwa mtu!

Edith hajawahi kuona. Mama huyu amewahi kumlisha hata mlevi aliyewavunjia uzio.

"Baba, unamwita mwanangu mwongo, halafu unakula ugali wa mama wa mwongo? Hapana. Kimoja uache."

Sadoki akasimama, kiti kikaanguka. "Mnaninyang'anya sahani mbele ya mgeni? Kwa kimlango kimoja? Huyu si nilimwambia palepale nitamtengenezea? Kiherehere chake ndicho kilimpeleka bima! Angesubiri mimi..."

Tonge likamdondoka.

Lugano akaacha kutafuna. "Palepale wapi, kaka?"

Sadoki akaliangalia lile tonge pale chini.

"Nakuuliza kwa kazi sasa. Palepale wapi?"

"Hapo... karibu na ghala." Sadoki akaokota kiti, akakaa. "Bosi atanifukuza," akasema, chini chini.

Lugano akanawa, akatoa simu, akamwambia aanze upya, aseme yote huku simu inarekodi. Sadoki akasema yote. Alipomaliza, Mama Stefania akairudisha sahani mbele yake, ugali umeshaanza kupoa.

"Haya, kula. Aliyesema kweli ni mgeni wangu."

"Mama!" Edith akafoka. "Huyu?"

"Huyu."

Edith akatoka nje. Akaushika mkono wa ule mlango unaong'aa, akauvuta kwa nguvu zake zote. Haukufunguka. Akaupiga teke.