Mgagani wa Mama Ndaki

“Rudia hapo! Sema mbele ya watu, mwanangu kala nini?”

Sauti ya Justa iliruka ua wa minyaa ikawatoa watu vibandani. Hata wasaga mawe ya dhahabu walizima karasha lao wakaja. Hakuna aliyetaka kusimuliwa.

“Kala mgagani, Mama Fredy,” alisema Apolonia, yaani Mama Ndaki. “Ule ule wa mlimani. Ulipojifungua, nani alikuchemshia? Tumbo la mumeo nani alilituliza?”

“Huu wa jana umeutia nini? Fredy anatapika mpaka nyongo! Baba yake yuko naye zahanati, wamempa dawa ya malaria, mtoto anazidi kulegea!”

“Mtazameni macho,” mtu akachokoza kwa nyuma. “Mekundu kama pilipili.”

“Na mbuzi wa Sostenes aliyekufa je? Naye alikula mboga ya Mama Ndaki?”

Wakacheka, kicheko kibaya. Macho ya Apolonia yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni tu, lakini wapo wajane walioitwa wachawi wakakatwa mapanga kwa macho kama hayo. Na yule mbuzi, Apolonia alijua kafaje. Alimkuta asubuhi amekauka kando ya bwawa la marudio, pale mchanga wa dhahabu unapochenjuliwa kwa sumu. Jana yake alikuwa ameoshea mboga pale pale. Kisima kilikuwa kimekauka, mgagani wa kwenye majabali umejaa vumbi la baruti, na maji yale yalikuwa maangavu, unaona hadi chini.

Akinyamaza, ni mchawi. Akisema, ni muuaji. Ila akinyamaza, kule zahanati wataendelea kutibu malaria.

“Niliuoshea kwenye bwawa la marudio,” alisema. “Kimbieni mkamwambie daktari. Ni ile sumu ya dhahabu.”

Sostenes alirukia bodaboda yake, akapiga kiki, akapotea na vumbi lake.

Justa alijifuta machozi kwa ncha ya kitenge, akausukuma mlango wake ukafunguka wote. Ndani, sufuria ya mgagani aliouleta Apolonia jana ilikuwa bado juu ya mafiga, imefunikwa kwa sinia.

“Umebaki,” alisema taratibu, akimsogezea kigoda. “Karibu ndani, mayu, mama yangu. Nawa mikono, ule.”