Mtu Aliyekuwa Kwenye Kioo

Mzee Alexander Bagenda alikuwa amepiga picha nyingi maishani mwake, na hakukuwa na mtu Mkolani nzima wa kumfundisha kushika kamera. Ndivyo alivyojisemea, na kwa kuwa siku hizi hakuwa na mwingine wa kusema naye humo ndani, hakuna aliyembishia.

Picha iliyomtoa jasho ilikuwa ya mkewe. Jumamosi ingesomwa misa ya kutimiza mwaka tangu Wilhelmina afariki, na binti yao Rachel, aliyekuwa akiishi Dodoma, alikuwa akitengeneza ukurasa wa mtandaoni ili hata ndugu ambao wasingeweza kusafiri waufungue kwenye simu zao. Ukigusa uso wa mtu kwenye picha, unamsikia Rachel akikueleza huyo ni nani na siku ile ilikuwaje. Albamu zote alizibeba baada ya msiba. Ilibaki hii moja tu ya sebuleni: Wilhelmina amevaa gauni la maua, miamba ya ziwa nyuma yake, anamcheka mpiga picha. Mpiga picha huyo alikuwa mumewe. Ilikaa ukutani muda mrefu hadi ikagandana na kioo cha fremu, na fundi alishaonya kwamba ukiivuta utabandua uso. Kwa hiyo Rachel alimwomba baba yake aipige hivyo hivyo na ile simu aliyomnunulia.

Mzee akasimama mbele ya ukuta, akabofya. Flashi ikawaka, ikagonga kioo na kumrudia. Alipotazama, gauni lilikuwepo, miamba ilikuwepo, lakini mahali pa uso palikuwa na doa jeupe, utadhani mtu kamwagia uji. Akarudia. Uji ule ule.

Zamani flashi ilikuwa mtumishi wake. Aliichomeka juu ya kamera alipoitaka, akaichomoa alipoichoka. Hii ya simu haikuomba ruhusa kwa mtu. Akajaribu kusimama upande, mwanga ukakikwepa kioo, lakini Wilhelmina akatoka kapinda kama mtu anayetaka kuaga. Jirani yake Maige, mwenye saluni, angeizima flashi ile kwa kidole kimoja. Lakini Mzee Bagenda aende kwa kinyozi kufundishwa kupiga picha? Thubutu. Tena Maige alikuwa na kiswali chake, kila wakionana lazima amuulize kama ameshazoea, na mzee alikuwa hajazoea. Siku hizi alijinyoa mwenyewe, vibaya.

Mwishowe akakumbuka kisanduku cha dawa cha mkewe. Akatoa plasta ya kidonda, akaibandika juu ya kijitaa cha simu, kisha akafungua mlango na madirisha ili mwanga wa asubuhi uingie. Akabofya. Safari hii Wilhelmina akatoka mzima, meno yote nje.

Ila hakuwa peke yake. Nyuma ya bega lake la kulia, hafifu lakini bila shaka, alisimama mzee mwenye nywele zilizonyolewa ovyo, mikono ameiinua usoni. Kioo kilikuwa kimemkamata mwenyewe.

Kwanza alikasirika, akataka kuifuta. Halafu akavuta kiti, akaketi. Hakukumbuka picha nyingine iliyowaweka yeye na mkewe pamoja. Ya harusi iliharibiwa na mvua walipokuwa bado wamepanga nyumba Igoma, na baada ya hapo kamera ilikuwa mkononi mwake yeye, ubatizo kwa ubatizo, Krismasi kwa Krismasi. Wilhelmina aliwahi kusema waombe mtu awapige wote. Yeye akajibu kwamba watu wengine hukata vichwa. Sasa alimkumbuka mno, akalia kidogo, pasipo aibu kwa kuwa hapakuwa na wa kumwona. Kisha akaituma picha ilivyo, na siku ile chai yake ilikuwa na ladha.

Ijumaa jioni ukurasa ukafunguliwa. Mzee alivaa miwani, akautafuta uso wa mkewe, akaugusa. Sauti ya Rachel ikasema, "Huyu ni mama yetu, Wilhelmina, siku tuliyokwenda ziwani. Alicheka njia nzima." Mzee akahamisha kidole hadi nyuma ya bega la kulia. Kimya. Akaleta simu karibu na macho. Hapakuwa na mtu, palikuwa na mwamba tu.

Akampigia. Rachel akamwamkia, akamweleza kwa furaha jinsi ndugu walivyoisifu picha. Kulikuwa na kivuli kwenye kioo, alisema, lakini alikifuta, haikuwa kazi hata kidogo.

"Kile kivuli nilikuwa mimi," mzee akasema.

Rachel akacheka kwa upole. Alijua ni baba, nani mwingine angekuwa ameshika simu. Ndiyo maana alikiondoa, kilikuwa kinamharibia mama.

Mzee angeweza kusema sawa, akamtakia usingizi mwema, maana kusema sawa alikuwa fundi.

"Basi nitafutie nyingine, mama," akasema badala yake. "Yoyote niliyo na mama yako. Uiweke hiyo."

Rachel akamwambia hilo ni jambo dogo, zimejaa. Mzee akasikia kompyuta ikibofywa. Rachel alikuwa akizitaja huku akipita: ya ubatizo wake, ya Krismasi, ya kwa bibi Bukoba, ya mahafali. Alianza kwa haraka, halafu akapunguza mwendo. Halafu akaacha kuzitaja, kubofya tu kukasikika, kwa muda mrefu. Mwisho na kubofya nako kukakoma.

"Baba," akasema, na sauti yake haikuwa ile ya kwenye ukurasa. "Mbona wewe humo?"

"Nilikuwa nawapiga nyie."

Hakuna aliyekata simu. Mzee alisikia binti yake akivuta pumzi, akajua analia, naye hakuwa na mkono wa kufika Dodoma.

"Ile uliyonitumia nimeiharibu," Rachel akasema baadaye. "Wewe bado unayo?"

Mzee alipapasa mgongo wa simu kwa kidole. Plasta bado ilikuwa pale pale.

"Ninayo," akasema.