Dirisha Lililofunguka Nyuma

Urho alikuwa ameweka sheria moja katika programu yake ya kupanga madirisha ya kompyuta: mtu akiwa anaandika, dirisha jipya lisimrukie mbele. Lifunguke nyuma ya kazi yake, lisubiri, na jina lake limeremete taratibu upande wa chini wa kioo. Aliiweka kwa ajili ya mkewe, Tellervo, mfasiri, ambaye akikatizwa sentensi huchukua muda mrefu kuirudia. Wenzao pale mjini Oulu waliipenda. Huko mtu humwacha mwenzake amalize kusema, hata akinyamaza katikati.

Siku aliyozidiwa na maradhi hospitalini alikolazwa, Urho alimpigia mkewe simu ya video kwenye kompyuta, kwa kuwa simu ya mkononi Tellervo huizima akiwa kazini. Dirisha likafunguka nyuma ya tafsiri. Tellervo alipoliona, mumewe alikuwa ameshaingizwa chumba cha upasuaji. Hakuzinduka.

Baada ya maziko alikuja Kaarlo, mdogo wake Urho, na mkate wa iliki mkononi. Ndugu hao ndio waliotunza programu ile, na desturi yao ilikuwa badiliko lolote halipiti mpaka mtu wa pili aridhie. Sasa wa pili alikuwa Tellervo. Akataka sheria ile ifutwe kabisa, kila dirisha lije mbele.

Kaarlo hakubisha. Aliifuta kwanza kwenye kompyuta ya shemeji yake, akamwomba aijaribu. Tellervo akaanza kufasiri. Likaja dirisha la barua, likamfunika. La kalenda likaja juu ya lile la barua. Likaja jingine kuuliza kama kompyuta ijiwashe upya, na kidole chake, kilichokuwa kikibonyeza kitufe cha kushuka mstari, kikalikubalia. Kioo kikawa cheusi.

"Kumbe hata hivi nisingemwona Urho," alisema Tellervo.

"Angekuja mbele, halafu kalenda ingemkalia."

"Basi irudishe. Ila anayepiga simu apite. Huyo tu."

"Kaka angesema umemharibia sheria yake."

"Kaka yako alikuwa mbishi, na wewe umerithi. Andika."

Kaarlo aliandika, Tellervo akasoma mstari kwa mstari, akaridhia. Kisha Kaarlo akaenda jikoni kumpigia. Dirisha likaruka mbele, likaziba sentensi ambayo haijaisha, na uso wa Kaarlo, wenye paji kama la Urho, ukajaa kwenye kioo.

"Nimekukatiza, shemeji?"

"Umenikatiza," alisema Tellervo, na hakulisogeza dirisha.